Namna ya kuisoma nyumba ya safu ya enzi za akina George

Chumba changu cha kwanza London kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Dari imeinama upande mmoja, dirisha ni dogo la mraba, na nje ya dirisha kuna ukuta mfupi unaoficha barabara yote. Ukitaka kumwona aliyepiga kengele, sharti upande juu ya kiti. Nilikaa humo miezi minane nikiamini kwamba mwenye nyumba alibana nafasi ili apate kodi moja zaidi. Baadaye, nilipoanza kufanya kazi na mafundi wanaotengeneza nyumba za zamani, mzee mmoja alinisimamisha ng'ambo ya barabara akaniambia nitazame madirisha kuanzia chini kwenda juu. Nilipofika kwenye dirisha langu nikaelewa. Chumba kile kilifanywa kidogo makusudi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa sababu aliyelala humo alikuwa mtumishi.

Wengi wetu tulio Uingereza tunaishi, tunasoma au tunafanya kazi ndani ya nyumba za namna hii bila kuambiwa zilijengwaje na kwa nini. Mwongozo huu ni wa kuzisoma kwa macho na mikono, hatua kwa hatua, kuanzia barabarani. Enzi ninayoizungumzia ni ile ya wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830. Nyumba ya safu ni ile iliyobanana na jirani zake kulia na kushoto, ukuta mmoja ukibeba nyumba mbili. Utazikuta London, Bath, Bristol, Edinburgh, Dublin na katika miji mingine mingi.

Vifaa si vingi: daftari, tochi, tepu ya kupimia na gololi moja. Gololi nitaieleza tutakapoingia ndani.

Hatua ya 1: Vuka barabara

Usiukimbilie mlango. Nenda upande wa pili wa barabara, simama pale unapoiona nyumba nzima, kisha utazame madirisha peke yake kana kwamba kitu kingine hakipo.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba madirisha yamepangwa juu ya mwenzake kwa mstari wa timazi, na upana wao haubadiliki kutoka chini hadi juu. Kinachobadilika ni urefu. Ghorofa ya kwanza, yaani ile iliyo juu ya sakafu ya mlangoni, ndiyo yenye madirisha marefu kuliko yote. Mara nyingi urefu ni mara mbili ya upana. Ghorofa ya pili yanapungua, pengine mara moja na nusu. Juu kabisa yanakuwa mraba.

Kipimo hiki kilitoka mbali. Andrea Palladio, mjenzi wa Italia wa karne ya 16, alichukua vipimo vyake kwenye majengo ya Warumi wa kale, na Inigo Jones, msanifu majengo wa Kiingereza, akavileta London miaka ya 1630 alipojenga Covent Garden. Fikiria nguzo iliyosimama juu ya kitako. Sakafu ya mlangoni ndiyo kitako, ghorofa ya kwanza na ya pili ndizo mwili wa nguzo, na ukingo wa juu ndio kichwa chake. Nguzo yenyewe kwa kawaida haipo ukutani, lakini vipimo vyake vipo, na ndiyo maana ukuta wa matofali usio na pambo lolote unatulia machoni.

Sasa soma cheo. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya kupokea wageni, ndiyo maana ina mwanga mwingi kuliko zote, na baada ya miaka ya 1770 ikaanza kupewa roshani za chuma. Ghorofa ya pili ilikuwa ya vyumba vya kulala vya wenye nyumba. Juu walilala watoto na watumishi. Kwa mtu aliyekulia pwani yetu hili linashangaza kidogo. Nyumba ya mawe ya Lamu huficha heshima yake: unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unaingia kiwanda, yaani ua wa ndani, unazidi kusogea hadi ndani kabisa, na huko ndiko unakokuta zidaka, yaani vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, na plasta iliyochongwa. Nyumba ya London inafanya kinyume. Kilicho bora imekipandisha juu, upande wa barabara, ili mpita njia akione.

Hatua ya 2: Yaulize madirisha umri

Sasa sogea. Dirisha la enzi hizi ni la kupandisha: fremu mbili zinazoteleza juu na chini, kila moja ikining'inia kwa kamba inayopita kwenye kapi na kushikwa na uzani wa chuma au risasi uliofichwa ndani ya kisanduku cha mbao pembeni. Ni kapi ileile ya kupandishia tanga la jahazi, ila imefanywa ndogo.

Chunguza fremu imekaa wapi ukutani. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, serikali ilizidi kubana matumizi ya mbao kwenye nyuso za nyumba. Sheria iliyoanza kutumika 1709 ilitaka fremu irudi nyuma inchi 4 kutoka usawa wa ukuta ili moto usirukie mbao kirahisi. Sheria ya 1774 ikaenda mbali zaidi, kisanduku chote kikafichwa nyuma ya tofali. Kwa hiyo fremu iliyo sawasawa na uso wa ukuta ni dalili ya nyumba ya mwanzo kabisa wa karne ya 18 au kabla. Fremu iliyorudi ndani lakini kisanduku chake unakiona ni ya katikati. Ukiona ufito mwembamba tu wa mbao ukichungulia kandokando ya tofali, huenda uko baada ya 1774. Zingatia kwamba hizo zilikuwa sheria za London. Miji mingine iliiga polepole kwa kufuata mtindo, na mingine haikuiga.

Kisha tazama vijiti vinavyotenganisha vioo. Mwanzoni mwa enzi vilikuwa vinene, kama inchi moja na nusu. Kadiri maseremala walivyozidi kuwa hodari, ndivyo vilivyozidi kukonda hadi kufikia kama nusu inchi karibu na 1800. Mpangilio uliozoeleka ni vioo sita juu na sita chini. Ukiona vipembe vidogo vya mbao vimechomoza kwenye pembe za chini za fremu ya juu, dirisha hilo limebadilishwa: vipembe vilikuja baadaye, enzi za Malkia Victoria, vioo vilipokuwa vikubwa na vizito hata viungio vikahitaji nguvu zaidi.

Kioo chenyewe kina habari zake. Mpulizaji alipuliza puto la kioo cha moto, akalizungusha kwa kasi hadi likafunguka kama sahani pana, kisha vipande vikakatwa kutoka humo. Ndiyo maana vioo vilikuwa vidogo. Simama mbele ya dirisha uyumbishe kichwa taratibu. Kivuli cha mti au cha nyumba ya mbele kikicheza kama kilicho ndani ya maji, umekutana na kioo cha asili. Kioo cha kiwandani cha leo hutuliza kila kitu. Tafadhali, ukiwa fundi, usikivunje kioo hicho kwa ajili ya kuokoa saa moja ya kazi. Hakuna atakayekurudishia.

Na madirisha yaliyozibwa kwa matofali? Watu watakuambia yote yalizibwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa kuanzia 1696 hadi 1851. Mengine ndiyo. Lakini mengi yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, kwa sababu nyuma yake kuna dohani au ngazi na mjenzi hakutaka safu yake ipoteze ulinganifu. Kagua matofali ya kujazia: yakiwa ya rangi na umri uleule wa ukuta, na tao lake likiwa limekamilika, kodi haikuhusika.

Hatua ya 3: Soma matofali

Tofali la London ni la njano, lililotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chaki na majivu. Moshi wa makaa ya mawe uliligeuza jeusi. Nyumba namba 10 ya Downing Street, ambayo kila mtu ameiona kwenye televisheni, ni ya matofali ya njano. Ilipofanyiwa matengenezo makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, rangi hiyo ilionekana chini ya masizi, kisha ukuta ukapakwa rangi nyeusi ili ubaki na sura iliyozoeleka.

Angalia jinsi yalivyopangwa. Katika mstari mmoja utaona tofali moja limelala ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa, kisha ubavu, kisha kichwa. Kichwa kinatakiwa kiwe mwisho wa tofali zima lililopenya ndani ya ukuta na kuufunga. Hapa ndipo penye siri mbaya ya wajenzi wa wakati ule. Matofali mazuri ya mbele yalikuwa ghali, kwa hiyo wengi waliyavunja katikati: kichwa unachokiona ni nusu tofali, na nyuma yake kuna ukuta mwingine wa matofali hafifu usioshikana vizuri na ule wa mbele. Ndani ya ukuta huohuo waliweka pia vipande virefu vya mbao ili kuuimarisha. Mbao zikanyonya unyevu, zikaoza, zikasinyaa, na ukuta wa mbele ukaanza kuvimba.

Namna ya kukagua: egemea pembe ya nyumba, weka shavu lako karibu na ukuta, kisha utazame kwa kuufuata usawa wake hadi mwisho wa safu. Uvimbe ambao hukuuona ukiwa mbele utauona hapo mara moja. Ukikuta vibamba vya chuma vya duara au vya umbo la X vimebanwa ukutani, ujue kuna fito za chuma zimepita ndani kuushikilia ukuta kwenye maboriti ya sakafu. Vibamba si jambo la kukutisha. Tatizo lilionekana na kushughulikiwa. La kutisha ni uvimbe usio na kibamba.

Kwa nini nyumba za kifahari zilijengwa kwa hila namna hiyo? Jibu liko kwenye ardhi. Wamiliki wakubwa hawakuuza viwanja, walivipangisha, mara nyingi kwa miaka 99. Idadi hiyo msomaji wa Tanzania au Kenya anaijua kutoka kwenye hati za ardhi za kwetu. Mjenzi alichukua kiwanja, akalipa kwa mwaka wa kwanza au miwili kodi ya jina tu, ambayo kisheria ilitajwa kuwa punje ya pilipili manga, na katika muda huo ilimbidi asimamishe nyumba na kumpata mteja. Mara nyingi hakuwa tajiri. Seremala alichukua kiwanja kimoja, mwashi akachukua cha jirani, kisha wakabadilishana kazi: wewe nijengee kuta, mimi nikuwekee sakafu. Miaka 99 ikiisha, nyumba ilirudi kwa mwenye ardhi. Nani angelipia ukuta wa kudumu miaka 300? Kinachonistaajabisha ni kwamba nyingi bado zimesimama.

Hatua ya 4: Mlango

Mlango kwa kawaida una paneli sita, na juu yake kuna dirisha la nusu duara lenye mitindo kama miale ya jua. Si pambo tupu. Ukumbi ulioko nyuma ya mlango umebanwa kati ya ukuta wa jirani na vyumba, hauna dirisha lingine la mbele, kwa hiyo mwanga wake wote uliingilia hapo. Dublin ndiko utakakoona mengi mazuri ya aina hii. Zunguka Merrion Square mchana mmoja.

Tundu la barua mlangoni limetobolewa baadaye, maana posta ya bei nafuu, ya peni moja kwa barua, ilianza 1840. Pembeni mwa ngazi tafuta kichuma cha kukwangulia matope ya viatu, na kwenye uzio, kama una bahati, kofia ya chuma yenye umbo la tarumbeta. Hiyo ilikuwa ya kuzimia mienge ya vijana walioajiriwa kuwaangazia watu njia usiku.

Ukiwa Bedford Square, London, iliyojengwa kati ya 1775 na 1783, tazama nyuso zenye ndevu juu ya milango. Hazikuchongwa kwenye jiwe. Ni udongo uliofinyangwa na kuchomwa katika kiwanda cha mwanamke aliyeitwa Eleanor Coade huko Lambeth, na baada ya mvua na barafu za zaidi ya karne mbili nyuso hizo bado ni kali kuliko mawe mengi ya asili.

Hatua ya 5: Chungulia chini

Hatua hii watu wengi wanairuka, nami naipenda kuliko zote.

Kati ya barabara na nyumba kuna shimo refu lililozungushiwa uzio wa chuma, na mlango unafikiwa kwa kipande kama daraja. Chini ya shimo kuna mlango mwingine na dirisha. Huko ndiko lilikokuwa jiko, ndiko walikoshinda watumishi. Ukiangalia upande wa pili wa shimo, chini ya njia ya waenda kwa miguu, utaona vijimlango: ni stoo za makaa ya mawe. Sasa tazama unapokanyaga. Kifuniko cha chuma cha duara kilichopachikwa kwenye jiwe la njia ni mdomo wa stoo hiyo. Mleta makaa alimwaga gunia lake kutokea juu bila kukanyaga ndani ya nyumba, na tundu lilikuwa dogo kiasi ambacho mwizi asingepenya.

Wengi hudhani ghorofa hii ilichimbwa ardhini. Kwa sehemu tu. Wajenzi walichimba kiasi, wakatumia udongo huo kuinua barabara yenyewe. Nenda uani uthibitishe: mara nyingi utakuta bustani ya nyuma iko chini kuliko barabara ya mbele, na chumba ambacho mbele kiko shimoni, nyuma kinafunguka usawa wa ardhi. Kwa anayetafuta chumba cha kupanga, habari hii ina faida. Chumba cha nyuma cha ghorofa hiyo kina mwanga na hewa kuliko cha mbele, na mara nyingi kodi ni ileile. Kabla hujasaini, pitisha kiganja sehemu za chini za ukuta wa mbele, na unuse ndani ya kabati lililoegemea ukuta huo.

Maji nayo yalikuwa ya mgao. Makampuni ya maji yalipitisha maji kwenye mabomba ya magogo ya mti yaliyotobolewa katikati, yakayafungua kwa saa chache katika siku fulani za juma, na kila nyumba ilikuwa na tangi la risasi la kuhifadhia. Yeyote aliyewahi kuamka usiku wa manane Dar es Salaam kujaza ndoo anaijua hali hiyo. Choo kilikuwa mwisho wa ua, juu ya shimo, na aliyepanda na kushuka na ndoo na makaa ngazi zote hizo alikuwa mtu mmoja au wawili, wengi wao wasichana.

Hatua ya 6: Ingia, shika ngazi

Ramani ya ndani ni rahisi na inajirudia: chumba mbele, chumba nyuma, ngazi kando ya chumba cha nyuma, na pengine kijichumba kilichochomoza uani. Ukishaijua nyumba moja, unaweza kutembea gizani ndani ya elfu nyingine. Upana wa kiwanja ni kama futi 15 kwa nyumba ndogo hadi futi 25 kwa kubwa. Maboriti ya sakafu, mengi yakiwa misonobari iliyoletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki, yaliweza kuvuka upana huo. Linganisha na pwani yetu, ambako urefu wa boriti ya mkoko uliamua kwamba chumba kiwe chembamba, kama mita 2.5 hadi 3, na kirefu kwenda pembeni. Kote kuwili mti ndio uliochora ramani.

Panda ngazi ukiwa umeshika mkono wake, na uhesabu fito zilizosimama kwenye kila kidato. Mwanzo zitakuwa mbili au tatu, zimekerezwa vizuri. Ukipita ghorofa ya kwanza zinaanza kuwa sahili. Ukifika juu ni vijiti vya mraba tu, ngazi imebana na vidato vimekuwa vikali. Paneli za milango zinapungua nazo. Pambo la pembeni mwa dari linapotea. Mgeni hakufika huku, na fedha haikufika.

Ndani ya vyumba vizuri, ukuta umegawanywa kama ile nguzo ya nje: ubao wa chini sakafuni, ufito wa mbao usawa wa mgongo wa kiti, na pambo la plasta juu. Ufito ule wa kati uliukinga ukuta na migongo ya viti, maana viti vilipangwa kuzunguka chumba na kusogezwa katikati vilipohitajika. Fungua pia mbao zilizo pande za dirisha. Mara nyingi ni vifuniko vya dirisha vilivyokunjwa, vimepakwa rangi mara nyingi hata wapangaji hawajui kwamba vinafunguka.

Sasa toa gololi. Iweke katikati ya sakafu uiachie. Itabingirika, karibu kila mara, kuelekea katikati ya nyumba, kwa sababu katikati sakafu zimebebwa na kiambaza cha mbao kilichoshuka polepole huku kuta za nje zikibaki juu. Mteremko wa namna hiyo, kama umetulia, nyumba imeuzoea. Gololi ikikimbilia ukuta wa mbele, na hapo kuna ufa mpya kati ya sakafu na ukuta, mwite mhandisi.

Hatua ya 7: Paa

Ukitazama ukiwa barabarani huoni paa. Sheria ya London ya 1707 ilikataza pambo la mbao lililochomoza chini ya paa, kwa ajili ya moto uleule, na wajenzi wakapandisha ukuta wa mbele mpaka ukalificha paa. Kwa hiyo ukuta ulioniziba macho chumbani kwangu ulikuwa sheria ya moto iliyogeuka kuwa mtindo.

Nyuma ya ukuta huo, nyumba nyingi zina mapaa mawili yanayokutana katikati na kufanya bonde, umbo kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Maji yote ya mvua hushukia kwenye mfereji wa risasi uliomo bondeni. Majani machache au njiwa mmoja aliyekufa vikiuziba mfereji huo, maji yanaingia ndani, na doa unaloliona kwenye dari ya ghorofa ya pili linaanzia hapo. Ukiwa na nyumba ya namna hii, au ukisimamia moja, panda ukausafishe mfereji mara mbili kwa mwaka, hasa majani yakimaliza kupukutika. Hakuna matengenezo mengine yenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivyo.

Hatua ya 8: Zunguka nyuma

Tafuta kichochoro. Mbele kuna ukuta mmoja mtulivu; nyuma kuna mabomba, vyumba vilivyoongezwa, madirisha ya kila kimo. Mfano mkubwa ni Royal Crescent ya Bath, nyumba 30 zilizojengwa kwa umbo la mwezi mchanga kati ya 1767 na 1774 na John Wood mwana (baba yake naye aliitwa John Wood), zikiwa na nguzo 114 mbele. Kila mnunuzi alipata kipande cha ukuta wa mbele uliolingana, kisha akamwajiri mjenzi wake mwenyewe amjengee nyumba nyuma yake. Mbele utadhani ni kasri moja. Nyuma unaona watu 30 wenye mifuko tofauti.

Kabla hujagusa chochote: chokaa

Hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu nimeona kuta nyingi zikiuawa na watu wenye nia njema. Nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa, si saruji. Chokaa ni laini, inaruhusu unyevu uingie na utoke, na nyumba ikicheza kidogo inacheza nayo. Ukijaza viungio kwa saruji, unyevu hautoki tena pale. Unatafuta njia ndani ya tofali, barafu ikija inalipasua, na uso wake unabanduka kama ganda. Ndivyo ilivyo pia Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopigwa plasta ya saruji hutoa chumvi na kumomonyoka. Fundi wa pwani aliyefundishwa chokaa na babu yake ana ujuzi unaotafutwa sana huku.

Kwa hiyo, chukua ufunguo ukwaruze kiungio. Kikitoa unga mweupe, ni chokaa: iache, au itengeneze kwa chokaa. Kikiwa kigumu cha kijivu na ufunguo unateleza, ni saruji, na yabidi fundi anayejua aiondoe taratibu bila kuvunja kingo za tofali. Ukiona unyevu ukutani, kabla ya kulipia dawa ya kudungwa, kagua mfereji wa paa, mabomba ya mvua, na kama udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu. Mara nyingi jibu ni mojawapo ya hayo.

Na kumbuka sheria. England, majengo mengi ya 1700 hadi 1850 yaliyobaki katika hali yake yameorodheshwa na kulindwa. Kubadilisha dirisha, kubomoa kiambaza cha ndani au hata kuondoa ngazi ya jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai, na ulinzi huo unahusu ndani pia, si sura ya nje tu. Angalia mtandaoni orodha ya Historic England, taasisi inayosimamia uhifadhi wa majengo ya kale, kisha zungumza na afisa uhifadhi wa halmashauri kabla ya kununua hata msumari.

Pa kufanyia mazoezi

Anzia Fournier Street, Spitalfields, mashariki mwa London. Nyumba zake ni za miaka ya 1720, na juu ya mapaa utaona madirisha mapana kupita kawaida: waliofuma hariri, wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa, walihitaji mwanga juu ya mitambo yao. Hapo hesabu ya cheo cha madirisha inavunjika, kwa sababu kazi ilifanyika darini. Pembeni, kwenye kona ya Brick Lane, kuna jengo la 1743 lililoanza kama kanisa la Wafaransa hao, likawa la Wamethodisti, likawa sinagogi 1898, na tangu 1976 ni msikiti. Ukuta ni uleule. Ukiwa na nafasi, 25 Brook Street iko wazi kwa wageni. Mtunzi wa muziki George Frideric Handel aliishi humo kuanzia 1723 hadi alipofariki 1759, na ngazi zake zinafundisha vizuri ile habari ya kupungua kwa mapambo.

Kisha nenda Bristol, 7 Great George Street. Ni nyumba ya makumbusho sasa, iliyojengwa kwa ajili ya John Pinney karibu na 1790 kwa fedha za mashamba ya miwa ya kisiwa cha Nevis, huko Karibi. Fanya hatua zote hapo: madirisha, ngazi, jiko la chini. Ndani ya nyumba hiyo alitumika Mwafrika aliyeitwa Pero Jones, mzaliwa wa Nevis, ambaye Pinney alimnunua akiwa mtoto wa miaka 12 pamoja na dada zake. Alifariki 1798, bado akiwa mtumwa. Ukitoka, teremka hadi bandarini. Daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 1999 limepewa jina lake, na kutoka mlangoni pa Pinney ni mwendo wa dakika chache.